Jenny Lind: Mwimbaji Aliyeambiwa Anyamaze



Kamati ya jubilei iliponipa kurasa hizi, wengi walitarajia niandike habari za kwaya yetu. Habari hizo mwenyekiti ameziandika vizuri kuliko ambavyo ningeweza, nanyi mmezisoma kwenye kurasa zilizotangulia. Mimi nimechagua kuwaletea maisha ya mwanamke wa Uswidi aliyefariki mwaka wa 1887. Sababu yangu ni hii. Tangu niwe katibu, ujumbe ninaoupokea mara nyingi zaidi kwenye simu hauhusu sare wala nauli. Hutoka kwa dada zetu wa sauti ya kwanza wanaoomba ruhusa kwa kuwa sauti zimekauka. Nasi tumezoea kuwajibu waje hivyo hivyo, sauti itafunguka mazoezini. Jibu hilo nimelituma kwa mkono wangu mwenyewe, tena zaidi ya mara moja. Baada ya kusoma habari za Jenny Lind sikuweza kulituma tena.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Johanna Maria. Alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1820 katika jiji la Stockholm. Baba yake, Niclas Jonas Lind, alikuwa karani wa hesabu mwenye kipato kidogo. Mama yake, Anne-Marie Fellborg, alikuwa mwalimu aliyeendesha shule nyumbani kwake. Mama huyo alikuwa ametalikiana na mume wake wa kwanza, na kwa imani yake aliona hawezi kuolewa tena wakati mume yule yu hai. Kwa hiyo Jenny alizaliwa nje ya ndoa, na wazazi wake walikuja kuoana yeye akiwa amekwisha kuwa msichana wa miaka 14. Miaka yake ya kwanza hakulelewa na mama. Alipelekwa nje ya jiji, akakaa katika nyumba ya mpiga kinanda wa kanisa. Baadaye aliishi kwa muda na nyanya yake, mama ya mama, mcha Mungu ambaye Jenny alimpenda sana.

Inasimuliwa kwamba siku moja nyanya huyo alisikia piano ikipigwa katika chumba cha pili. Ulikuwa ule wimbo wa tarumbeta za askari waliopita barabarani kila siku. Alidhani ni dada mkubwa wa Jenny, akamwita kwa jina, asipate jibu. Alipoingia alimkuta Jenny, mtoto mdogo kabisa, amejificha chini ya piano akiogopa kuchapwa. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga. Nyanya hakumchapa. Alimwambia mama yake kwamba mtoto huyu siku moja atawasaidia.

Alipokuwa na umri wa miaka 9 hivi, alikuwa na tabia ya kukaa dirishani akimwimbia paka wake. Watu waliopita njiani walisimama kusikiliza. Mmoja wao alikuwa mtumishi wa nyumbani wa Bi Lundberg, mchezaji densi katika jumba la kifalme la michezo ya kuigiza na muziki. Mtumishi alipofika nyumbani alimweleza tajiri wake kuhusu sauti aliyoisikia. Mtoto akaitwa, akaimba, na mara Bi Lundberg akamwandikia barua Bwana Croelius, mwalimu wa uimbaji wa jumba hilo. Croelius naye alimpeleka kwa mkuu wake. Mkuu alipoambiwa umri wa mtoto alikataa: jumba la mfalme halikuwa mahali pa kulea watoto wa miaka tisa. Croelius akamsihi amsikilize kwanza. Alimsikiliza, na neno la umri halikutajwa tena.

Hapo naomba tukumbuke jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Jina la yule mtumishi wa nyumbani halimo katika masimulizi niliyoyasoma, ilhali bila sikio lake hakuna ambaye angemjua Jenny Lind.

Kuanzia mwaka wa 1830 Jenny alikuwa mwanafunzi wa jumba la kifalme. Walimfundisha kuimba, kuigiza, kucheza densi na kupiga piano, na walimlisha na kumvisha. Naye alilipa kwa kazi. Alipandishwa jukwaani akiwa bado mtoto wa miaka kumi. Tarehe 7 Machi 1838, akiwa na miaka 17, alipewa kwa mara ya kwanza nafasi kubwa katika opera, yaani ule mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa. Aliimba sehemu ya Agathe katika Der Freischütz ya Weber. Usiku ule aligundua uwezo wake, na kwa maisha yake yote aliiadhimisha tarehe 7 Machi kama siku ya pili ya kuzaliwa. Miaka miwili baadaye alikuwa mwimbaji wa mfalme na mwanachama wa chuo kikuu cha heshima cha muziki nchini humo. Hakuwa amefikisha miaka 21.

Shida ni kwamba alikuwa akiimba bila kupumzika. Usiku alikuwa jukwaani, na wakati wa kiangazi alizunguka mikoani pamoja na baba yake akiimba ili apate fedha za kwenda kusoma Paris. Mwalimu wake wa wakati huo, Isak Berg, alimfundisha mengi, lakini namna ya kuitawala pumzi hakuielewa. Alikuwa na moyo na sikio, na pale ufundi ulipopungua alisukuma kwa nguvu za ujana. Sauti ikaanza kukwaruza. Ikawa inachoka mapema, noti za katikati zikapoteza mng'ao. Watazamaji wa Stockholm waliendelea kumpigia makofi, na sidhani kama kuna jambo linaloweza kumpoteza mwimbaji kuliko makofi ya watu wanaompenda.

Mwezi Julai 1841 alifunga safari ya Paris kumtafuta Manuel García. Bwana huyu alikuwa Mhispania aliyetoka katika ukoo wa waimbaji. Baba yake alikuwa mwimbaji mashuhuri wa tenor, na dada zake wawili, Maria Malibran na Pauline Viardot, walisifiwa Ulaya nzima. Yeye mwenyewe aliacha jukwaa mapema akajitolea kuichunguza sauti ya binadamu: inazaliwa wapi, inaumia vipi, inaponaje. Alikuwa na miaka 36 wakati msichana wa Uswidi alipogonga mlango wake.

Jenny aliimba mbele yake. Sauti ilimvunjikia katikati ya wimbo. García hakumficha. Alimwambia kwamba hakuna faida ya kumfundisha kwa kuwa hakuna sauti iliyobaki ya kufundisha. Fikirieni: msichana ameacha nchi ambayo anasifiwa na mfalme, ametumia akiba yake yote, amefika katika jiji asilolijua lugha yake sawasawa, na neno la kwanza analopata kwa mwalimu ni hilo. Alilia. Akamsihi amwambie la kufanya. García akampa agizo moja: aende anyamaze kwa muda wa wiki sita. Asiimbe hata noti moja, na kuzungumza kwenyewe azungumze kidogo iwezekanavyo. Wiki sita zikiisha, arudi asikilizwe tena.

Nami nina neno la kusema hapa. Nilipokuwa nikisomea ualimu, nilikuwa soprano wa kwaya ya chuo. Tulikuwa tukijiandaa kwa mashindano, na nikashikwa na mafua mabaya wiki tatu kabla ya siku. Niliyekuwa chini yake aliniambia sauti haipumzishwi, hufanyizwa kazi, nami nikamwamini kwa kuwa nilitaka sana kuimba ile sehemu ya pekee. Niliimba, tukapata cheti, na noti za juu nilizokuwa nazo kabla ya mafua sijazipata tena mpaka leo. Ndiyo maana mnaniona nimesimama kwenye safu ya alto. Sina kinyongo, alto ni safu njema na ina watu wenye utani. Lakini niliposoma agizo la García niliweka kitabu chini kwanza.

Jenny alitii. Wiki zile sita alijishughulisha na masomo ya lugha, akijifunza Kifaransa kimya kimya chumbani. Aliporudi, García alimsikiliza, akasikia kwamba pumziko limeanza kufanya kazi yake, akakubali kumpa masomo mawili kila wiki. Ndipo msichana ambaye alikuwa amekwisha kuimba opera ngumu mbele ya mfalme alipoanzishwa upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipewa ngazi ya solfa. Apande polepole, ashuke polepole, kwa uangalifu mkubwa, asiruke noti hata moja wala asiisukume. Akiisha hapo, afanye mazoezi ya kutikisa noti mbili zinazofuatana, nayo polepole, mpaka koo lisahau tabia yake ya kujikaza. Alieleza katika barua za nyumbani kwamba kila kitu inabidi kianzwe tangu mwanzo, na kwamba mwalimu wake amedhamiria kwanza kuuondoa ule mkwaruzo.

García alimfundisha mahali pa kuvutia pumzi na namna ya kuitoa kidogo kidogo badala ya kuimwaga yote kwenye neno la kwanza. Alimwonyesha jinsi sauti ya kifua na sauti ya kichwa zinavyopokezana bila msikilizaji kuusikia mshono. Wale mnaohudhuria mazoezi ya Jumamosi mtatambua kwamba hayo ndiyo yale ambayo mwalimu wetu hutufanyisha kwa dakika kumi na tano za mwanzo, zile dakika ambazo nusu yetu huwa bado tuko njiani.

Masomo hayo yalichukua karibu miezi kumi. Katika majira ya kiangazi ya 1842 Jenny alirudi Stockholm, na mwezi Oktoba akasimama tena jukwaani katika opera Norma. Waliomjua walisikia mtu mwingine. Sauti ilikuwa imepata nguvu na wepesi. Angeweza kuipunguza ikawa nyembamba kama uzi, na uzi huo ukafika mpaka viti vya nyuma kabisa. Hata hivyo si yote yaliyorudi. Noti za katikati, zile zilizochakaa kwa kazi ya utotoni, zilibaki na ukungu kidogo hadi mwisho wa maisha yake. Alijifunza kuzitumia hivyo hivyo, na wapo waliozipenda kwa sababu ya ukungu wenyewe.

Kuhusu García niongeze kidogo, maana alistahili makala yake mwenyewe. Mwaka wa 1854 alichukua kioo kidogo kama kile cha daktari wa meno, akakiingiza nyuma ya ulimi wake, akaelekeza mwanga wa jua kwa kioo kingine, akaziona nyuzi za sauti yake zikifunguka na kufunga. Mwaka uliofuata alipeleka maelezo yake kwa wanasayansi wa London. Alikuwa anatafuta siri ya uimbaji, lakini madaktari ndio waliofaidika zaidi, kwa kuwa huo ndio ulikuwa mwanzo wa uchunguzi wa koo unaofanywa hospitalini hadi leo. Aliishi mpaka mwaka wa 1906, akafa akiwa na umri wa miaka 101. Mwanafunzi wake alimtangulia kwa miaka 19.

Umaarufu uliomfuata Jenny baada ya Paris nitaupitia haraka, kwa kuwa ndiyo sehemu inayojulikana sana. Mwaka wa 1843 aliimba Copenhagen, na mwandishi wa hadithi za watoto Hans Christian Andersen akampenda kwa moyo wote, penzi ambalo Jenny hakulirudisha ila kwa udugu. Mwaka huo huo Andersen alichapisha hadithi ya mfalme wa Uchina na ndege mwimbaji, na watu wakaanza kumwita Jenny ndege mwimbaji wa Uswidi. Mwaka wa 1844 alikuwa Berlin. Tarehe 4 Mei 1847 aliimba kwa mara ya kwanza katika jumba la opera la London, na Malkia Victoria alikuwapo. Miji ilimgombania. Katika mji wa Norwich, Uingereza, fedha za maonyesho yake zilianzisha hospitali ya watoto wagonjwa, na hadi leo wodi za watoto za hospitali kuu ya mji huo zina jina lake.

Ila kuna rafiki mmoja siwezi kumpita haraka, naye ni Felix Mendelssohn. Huyu tunamjua pengine bila kujua kwamba tunamjua: tuni ya wimbo wetu wa Krismasi kuhusu malaika wanaoimba habari za mfalme aliyezaliwa imetokana na muziki wake. Mwezi Desemba 1845 alimkaribisha Jenny kuimba Leipzig. Usiku wa kwanza jumba lilifurika. Siku iliyofuata Jenny akaimba tena, safari hii kwa ajili ya mfuko wa wajane wa wapiga ala. Mendelssohn alikuwa wakati huo akitunga Eliya. Hiyo ni oratorio, maana yake masimulizi ya Biblia yanayoimbwa na kwaya na waimbaji wa pekee bila maigizo. Sehemu ya soprano, hasa wimbo unaofungua nusu ya pili, aliitunga akiwa na sauti ya Jenny masikioni. Kuna noti moja katika sauti ya Jenny, F shapu ya juu, ambayo Mendelssohn aliipenda mno, na katika wimbo ule aliiweka ili ing'ae.

Eliya iliimbwa kwa mara ya kwanza Birmingham mwezi Agosti 1846, lakini Jenny hakuwapo. Kisha tarehe 4 Novemba 1847 Mendelssohn akafariki, akiwa na miaka 38 tu. Hakuwahi kuusikia wimbo ule ukiimbwa na mtu aliyemtungia. Ulipita mwaka mzima. Tarehe 15 Desemba 1848, katika ukumbi wa Exeter Hall, London, Jenny Lind aliuimba. Mapato ya usiku ule, karibu pauni 1,000, hakuchukua hata senti. Yaliwekwa kuwa msingi wa mfuko wa kuwasomesha wanamuziki vijana kwa jina la Mendelssohn. Tutaurudia mfuko huo.

Miezi mitano baadaye, tarehe 10 Mei 1849, aliimba opera kwa mara ya mwisho. Alikuwa na miaka 28, akiwa juu kabisa, na aliiacha opera moja kwa moja. Wengine walimlaumu, wengine walidhani atarudi. Hakurudi. Maisha ya jukwaa hayakuwahi kumtulia moyoni. Alipenda kuimba lakini hakupenda mapambo, fitina na maisha ya nyuma ya pazia, na imani yake ilikuwa ikimvuta kwenye muziki wa namna nyingine. Tangu hapo aliimba matamasha na oratorio.

Kabla ya kutulia alikwenda Marekani. P. T. Barnum, mfanyabiashara wa maonyesho ambaye hakuwahi kumsikia akiimba, alimwahidi dola 1,000 kwa kila onyesho, kwa maonyesho hadi 150. Jenny hakuwa mjinga: alidai fedha ziwekwe benki mapema, na Barnum akalazimika kutafuta dola 187,500. Alipoteremka melini New York tarehe 1 Septemba 1850, maelfu ya watu walijaa bandarini, wengi wao wakiwa wamechochewa na matangazo tu. Tikiti ya kwanza iliuzwa kwa mnada, ikanunuliwa na muuza kofia mmoja kwa dola 225. Jenny alichukua mgawo wake wa onyesho la kwanza, dola 10,000, akaugawa wote kwa mashirika ya wahitaji ya jiji lile. Fedha nyingine nyingi alizituma Uswidi kujenga shule za watoto maskini. Mwaka wa 1851 alichoshwa na kelele za biashara ya Barnum, akatumia haki yake ndani ya mkataba kuachana naye, akaendelea peke yake. Tarehe 5 Februari 1852 huko Boston aliolewa na Otto Goldschmidt, mpiga piano wake, kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Mendelssohn. Wakarudi Ulaya mwaka huo huo, wakapata watoto watatu, na baada ya miaka michache Ujerumani wakahamia Uingereza moja kwa moja.

Sehemu ninayoipenda mimi kuliko zote haina dola wala malkia. Mwaka wa 1875 kikundi cha wapenda muziki wa London kilitaka kuimba Misa ya Bach, ile kubwa iliyo katika B ndogo, ambayo haikuwahi kuimbwa nzima nchini Uingereza. Waliunda kwaya, wakaiita Bach Choir, na kumwomba Otto Goldschmidt awe mwongozaji. Wanakwaya walikuwa watu wa kawaida wenye kazi zao, wasiolipwa. Na Jenny Lind, aliyekuwa na miaka 55, aliyejaza kumbi za mabara mawili, akaenda kusimama katika safu ya soprano. Aliwasimamia sopranos, akawafanyisha mazoezi ya kupumua na kutamka, akaimba nao bega kwa bega. Tarehe 26 Aprili 1876, katika ukumbi wa St James's Hall, Misa ile iliimbwa nzima.

Wale waliowahi kuongoza kwaya wanajua ugumu wa alilofanya. Mtu aliyezoea kuimba peke yake ana sauti inayotoka nje ya safu bila yeye kutaka. Kuirudisha ndani, ikalingana na ya jirani ambaye hajafundishwa na García wala na mtu yeyote, ni kazi inayohitaji masikio zaidi ya koo. Tulipogombana miaka michache iliyopita kuhusu nani asimame mbele ya maikrofoni siku ya mavuno (waliokuwepo wanakumbuka, sitachimbua), sikuwa bado nimesoma habari hizi. Ningezisoma kwa sauti katika mkutano ule. Na Januari iliyofuata, kamati ilipozungumzia kuwapa soprano wiki mbili za kupumzika baada ya Krismasi, mimi nilikuwa miongoni mwa waliopinga. Kumbukumbu za mkutano zipo, na mwandiko ni wangu. Nimeliomba jambo hilo lirudishwe kwenye ajenda ya mwezi ujao.

Chuo cha kifalme cha muziki, Royal College of Music, kilipofunguliwa London mwaka wa 1883, Jenny aliitwa awe mwalimu wa kwanza wa uimbaji kwa wanawake. Alifundisha kwa ukali wa aina yake. Hakuwa na haraka ya kuwapa wanafunzi nyimbo. Kwanza ngazi ya solfa, kwanza pumzi, kwanza maneno yasikike. Yale aliyoyapata Paris kwa machozi aliwapa wao kabla hawajaumia. Mwaka huo huo wa 1883, huko Malvern, katika tamasha la kuwasaidia wafanyakazi wa reli, aliimba hadharani kwa mara ya mwisho. Mwaka wa 1886 afya ilimlazimu kuacha kufundisha, na tarehe 2 Novemba 1887 akafariki katika nyumba yake ya Wynd's Point, kwenye vilima vya Malvern. Sehemu kubwa ya mali yake aliwaachia wanafunzi maskini wa Uswidi. Mwaka wa 1894 kumbukumbu yake iliwekwa ukutani katika kanisa la Westminster Abbey, chini ya sanamu ya Handel, mtunzi wa ile Haleluya tunayoimba kila Pasaka.

Hatuna santuri yake hata moja. Alifariki wakati mashine za kunasa sauti zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza, na lolote lisemwalo kuhusu sauti yake tunalipokea kwa waliomsikia.

Sasa ule mfuko wa fedha za Eliya. Kijana wa kwanza kusomeshwa nao, mwaka wa 1856, alikuwa na umri wa miaka 14, mwimbaji katika kwaya ya kanisa la mfalme. Aliitwa Arthur Sullivan. Fedha zile zilimsomesha London, kisha zikampeleka Leipzig, katika chuo alichokianzisha Mendelssohn. Sullivan alipokuwa mtu mzima alitunga tuni nyingi, na mwaka wa 1871 akatunga moja ambayo hakuna mshirika wa kanisa hili asiyeijua: ile ya wimbo wa askari Wakristo wanaoandamana, ambao vijana wetu wa brigedi huuimba wakiingia na bendera.

Umo katika ratiba ya leo, ukurasa wa 4. Tutauimba tukiingia. Beti ya pili sauti ya kwanza wataanza peke yao bila kinanda, na mwalimu ameomba waanze polepole.